Msiba wa Mama Jezi

"Nina mgonjwa, bosi," alisema Mama Jezi, kisha akasubiri aulizwe.

Hakuulizwa. Bosi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akampa pole, tena pole ya kweli, akangoja kusikia shida iliyomleta.

"Naomba ruhusa ya siku chache nimuuguze."

"Baada ya mechi, Mama. Kambi ni kambi. Nikikuruhusu wewe, nitamkataliaje golikipa?"

Mama Jezi alibaki amesimama mlangoni, mikono bado ina povu la sabuni. Jamani, mtu akisema ana mgonjwa si huulizwa? Nani? Anaumwa nini? Anakula? Hata asiyekupenda atauliza, walau apate umbea. Lakini bosi alikuwa amesharudi kwenye kompyuta yake.

Mambo yalikuwa hivyo tangu kampuni ya wageni iinunue timu. Mwenyekiti wa zamani alikuwa akifika asubuhi anazunguka uwanja mzima kusalimia, mpaka mkata nyasi akajua mtoto wa mwenyekiti ameota jino. Mazoezi yalichelewa, na timu ilifungwa hadi aibu. Ndipo akaletwa huyu na saa yake mkononi. Wachezaji wakambandika jina, Bwana Dakika. Basi likaanza kuwaacha waliochelewa, stori za nyumbani zikaisha, na timu, utake usitake, ikaanza kushinda. Sasa ilibaki mechi moja ya kufa na kupona ili wasishuke daraja, na wote walihamia hosteli ya uwanjani. Hakuna kutia mguu nyumbani, bosi mwenyewe akiwemo.

"Yule hana roho," dereva wa basi alizoea kusema. "Mwaka mzima tuko naye, hata kama ana mke hatujui. Nani amewahi kukaribishwa kwake? Labda wewe Mama Jezi, ukimpelekea nguo."

Mama Jezi hakukubali kwamba hana roho. Siku moja alimsikia akimweleza daktari wa timu, "Kwetu mtu hachimbi mambo ya nyumba ya mwenzake. Akitaka kusema, atasema. Ukimuuliza, umemvunjia heshima."

Tatizo ni kwamba Mama Jezi alikuwa ameapa kutosema. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemwapisha. Maneno yao yalikuwa machache, mengine wakimalizia kwa mikono. Mzee aliweka kidole mdomoni, akaelekeza kule uwanjani: wasiambiwe, wana mechi, kazi kwanza. Hospitali hakutaka hata kuisikia. Wenzake walipomdadisi, Mama Jezi aliwaambia ni mzee, uzee tu, wakaridhika. Kwa bosi alikuwa amejipangia hivi: akiuliza, nitamjibu. Kujibu si kusema. Ndiyo maana alisimama pale mlangoni muda wote ule, akiomba moyoni lije swali moja tu.

Saa za chakula alikuwa akichomoka kwa geti la nyuma. Nyumba ilikuwa hapo hapo, nyuma ya uwanja. Alimbadilisha mzee shuka, akamnywesha supu kijiko kwa kijiko. Mwanawe akipiga simu, mzee alijikaza kisabuni. Aliketi, akakohoa kwanza pembeni, kisha akaongea na kucheka kama mtu aliyetoka kucheza mpira. Simu ikikatwa, alianguka kwenye mto hoi. Mama Jezi aligeukia ukutani, maana mzee hakupenda kuonwa akilia.

Siku aliyonyimwa ruhusa, mashine ya kufulia nayo ilimgomea, akachelewa kutoka. Alimkuta mzee ameegemea dirisha linalotazama uwanja, mkono mmoja nje ya shuka. Bado alikuwa na joto. Lo! Angewahi kidogo tu! Kufa kila mtu atakufa, lakini kufa bila hata wa kukushika mkono, hilo ndilo lililomkata maini. Akamlaza vizuri, akamfumba macho, akalia mpaka sauti ikamkauka. Halafu akarudi uwanjani.

Dereva ndiye aliyemwona wa kwanza. "Mama Jezi! Usiniambie!"

Mama Jezi akafunika uso kwa mikono. Dereva akashika kichwa, akapiga ukelele, na wachezaji wakaiacha mipira wakamzunguka. Beki mrefu, yule mkorofi anayemficha mama wa watu sabuni kila siku, alikuwa akilia kwa kwikwi.

Bosi akatoka ofisini kujua kwa nini mazoezi yamesimama. Simu ilikuwa sikioni, inaita tu bila kupokelewa. Alipoambiwa, akaikata.

Wote walitarajia atazame saa. Hakuitazama. Alivua kofia, akaja akasimama mbele ya Mama Jezi, macho mekundu.

"Nilikosea kukunyima ruhusa, Mama. Nisamehe." Akawageukia wengine. "Nendeni naye wote. Chukueni basi. Mechi tutacheza hivyo hivyo, na tukishuka daraja, basi tumeshuka. Mimi nitabaki hapa. Huu ni msiba wake, sitaki kuingilia ya nyumbani kwake."

Dereva akakimbilia basi. Wachezaji wakaanza kuvua viatu vya mpira. Mama Jezi hakusogea. Alimshika bosi mkono, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu pale klabuni, akamkalisha taratibu kwenye benchi la akiba, naye akaketi karibu yake.

"Basi la nini, mwanangu?" akasema. "Msiba uko hapo nyuma tu, nyumbani kwako. Baba yako alikataa katakata usisumbuliwe kazini."