Mafuta ya Moyo wa Mbuzi

Dakta Zuhura aliingia buchani na moyo wa mbuzi bakulini, amekunja uso kama aliyemeza ndimu nzima.

"Mzee Shebughe, mioyo yako inakufa kabla ya mbuzi! Tangu wiki jana nachomeka sindano ya kioo, nyembamba kuliko mguu wa sisimizi, nipime umeme wa seli za neva za moyo. Sioni hata moja! Na mashine ya kupimia niliyoazima inarudishwa leo jioni."

"Daktari, mwanangu, usinionee. Wateja wengine nawapa moyo hivyo hivyo na mafuta yake. Wako wewe, kwa heshima, nayakwangua yote mpaka unang'aa."

Zuhura aliweka bakuli chini, akashika kichwa.

"Mzee wangu, seli zenyewe zinakaa ndani ya hayo mafuta."

"Salaale! Si ungesema?"

"Ya leo umeyatupa wapi?"

Mzee akaelekeza kisu chini ya meza. Paka mnene alikuwa analamba karatasi. Kwenye sharubu zake kilining'inia kipande cha mwisho cha mafuta, bado kina uvuguvugu.

Zuhura akapiga magoti taratibu, mkono mbele.

"Njoo, mpenzi. Usimeze."

Paka akamkodolea macho, kinywa wazi, ulimi ukielekea kwenye sharubu.