Seti ya Nne

Daktari Habibu aliweka mezani mataya mawili ya plastiki, kila moja na meno yake, na kabla hajaanza kueleza, Loisi alikuwa ameshaligusa la kulia.

"Hili," alisema, mkono wa pili ukiwa umeshikilia khanga mdomoni.

Tabita, binti yake, alicheka kicheko cha aibu, akamwomba mama amwache daktari aseme kwanza. Hakumtoa Igamba alfajiri yote ile kumleta Tunduma ili achague meno kama mtu anayechagua nyanya.

Daktari akaeleza taratibu, kwa lugha ya mtu aliyezoea wazee. Njia zote mbili zinaanza na skrubu ndogo za chuma zinazopandwa ndani ya mfupa, zikae miezi kadhaa mpaka mfupa uzishike. Tofauti iko juu ya hapo. Taya la kushoto linabana kwenye skrubu mbili. Jioni unalivua na kuliosha, asubuhi unalirudisha. La kulia linakazwa kwenye skrubu nne, na likishakazwa halitoki mpaka mgonjwa arudi kwa daktari mwenye kifaa chake. Wafikiri vizuri, alisema, kwa sababu mfupa wa umri ule hautobolewi mara mbili mbili. Kisha akauliza nyumbani ni nani atakayemsaidia mama kuyasafisha.

Tabita alikuwa na jibu, tena alilitoa kwa fahari. Ni baba. Mzee Lusubilo, mzee wa kanisa ambaye Igamba nzima haijawahi kumsikia akipaza sauti, alimpigia simu juzi kusema kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Yawe ya kutoka tu, alisema, nitamwoshea mimi kila jioni. Tabita, ambaye mumewe hajawahi kuosha hata kikombe, nusura alie pale dukani kwake Tunduma, mbele ya wateja waliovuka mpaka kutoka Nakonde.

Maana mama alikuwa ameanza kusahau, na jambo hilo lilimtisha Tabita kuliko ugonjwa wowote. Ndani ya miaka miwili alikuwa amepoteza seti tatu za meno ya bandia. Ya kwanza ilipotea ikiwa imebaki siku moja tu sikukuu ya mavuno ifike, na mama ndiye aliyekuwa aongoze kwaya ya akina mama. Ya pili ilipotea wiki ya mkutano wa ushirika wa kahawa, alipokuwa akigombea nafasi kwenye bodi. Ya tatu, Mungu amsamehe, ilipotea siku ya ubatizo wa mjukuu wake mwenyewe, akabaki Igamba huku ukoo mzima ukila pilau Tunduma. Baba alimulika tochi uvunguni, akapekua mpaka majivu ya jikoni. Kila mara ni yeye aliyewapigia watoto simu. Mama yenu ndiyo hivyo tena, alikuwa akisema kwa upole wake, tumvumilie.

Watu wengine hawana jino hata moja na wanatembea vifua mbele. Loisi hakuwa mmoja wao. Mwanamke aliyekuwa akibishana na wanunuzi wa kahawa mpaka wanaomba maji, sasa hakwenda hata gulioni. Akiendelea hivi, Tabita aliwaza, tutamzika kabla hajafa. Ndiyo sababu alikuwa amejikamua kwa ajili ya meno haya.

Daktari alimgeukia mama, akamuuliza meno yake ya asili yalianza kung'oka lini. Loisi alijibu bila kusita. La kwanza lilitoka mwaka ule mvua ya mawe ilipopukutisha kahawa yote, mwezi wa tatu. La mwisho Jumanne, wiki moja kabla ya Pasaka. Alimtaja na aliyeling'oa, na kijiji alikooa. Daktari akaacha kuandika, akamtazama. Tabita aliliona jicho lile, akanong'ona kwamba ya zamani hayamsumbui mama, yanayomponyoka ni ya jana.

"Basi la kutoka litamfaa zaidi, maadamu mzee atamsaidia," daktari alisema. "Hili lingine lisiposafishwa vizuri, fizi zinaoza na hamjui."

Tabita akachukua kalamu. Mama yake akaweka kiganja juu ya fomu, na kiganja kile kilikuwa kizito kuliko alivyokikumbuka. Hasira ilimpanda Tabita, hapohapo akaona haya kwa kumkasirikia mgonjwa. Alivuta pumzi, akaanza kumbembeleza kama anavyombembeleza mwanawe akikataa dawa. Alimkumbusha jinsi baba alivyohangaika na zile seti tatu, bila kumgombeza hata siku moja.

"Sasa kwa nini unamkatalia, mama? Wanaume wangapi wangejitolea kuosha meno ya wake zao?"

Loisi aliteremsha khanga. Midomo yake ilikuwa imezama ndani, na maneno yalitoka yamelegea, lakini aliyasema polepole, moja moja, akimtazama binti yake machoni.

"Sijapoteza hata seti moja, Tabita. Zote tatu ziko kwenye sanduku la baba yako, na ufunguo anauvaa shingoni."