Kitambaa cha Njano

Kitambaa cha njano cha mwamuzi, ishara ya faulo, kilipotua kwenye nyasi, Verlene ndiye aliyetangulia kusimama, karanga zake za kuchemsha zikamwagika miguuni.

"Mwizi wee! Macho umemwachia mkeo nyumbani?"

Kwa miaka thelathini hakuna mwamuzi aliyekanyaga uwanja ule wa chuo wa futiboli ya Kimarekani, kule Alabama, akaondoka bila kutukanwa naye. Na leo zilibaki sekunde arobaini, na adhabu hii ingewapa wageni ushindi. Mkimbiaji wao alikuwa bado amelala chini, uwanja mzima ukimzomea.

"Inuka, mwigizaji!"

"Mleteeni na mto!"

Jirani yake wa kiti, mzee mnene mwenye fulana nyekundu, akamgusa bega. "Dada, wewe ndiye mwenye darubini. Hebu tuambie, kijana wetu alimgusa?"

Safu nzima ikamgeukia. Verlene akainua darubini, kwanza kwenye skrini kubwa iliyokuwa ikirudia tukio, kisha kwa mkimbiaji.

Kofia yake ngumu ilikuwa imepinda upande pamoja na shingo, macho ameyakodoa. Mkono wake ulilala kwenye nyasi, kiganja juu, na daktari alikuwa akibinya kidole kimoja baada ya kingine. Hakuna hata kimoja kilichojikunja.

"Si wametuibia?" mzee akauliza.

Verlene akashusha darubini.

"Kaeni chini, mabwege nyie," akasema. "Kijana wetu alimvuta kofia, nimeona kwenye marudio na nimeona shingo yake. Mtoto wa watu hasogezi mkono."

Mtu mmoja nyuma akaguna, na wote wakaanza kumzomea yeye.