Jambo Lisilowahi Kutokea Mtaani

Mwalimu wa sayansi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kichwa kikiwa uvunguni mwa kitanda cha marehemu, na suruali yake imepasuka nyuma.

"Hakuna mtu," sauti yake ilitoka huko chini, imejaa vumbi.

"Tazama vizuri," alisema shemeji. "Watu hujikunja."

Mshonaji, mke wa marehemu, alisimama mlangoni, mikono ameifumbata kifuani. Tangu asubuhi alikuwa akiwatazama wakiipindua nyumba yake juu chini. Kabati walishalifungua, pipa la maji walishalichungulia, hata cherehani waliinyanyua, kana kwamba mtu mzima anaweza kujibanza chini ya cherehani.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Alimwambia jirani, wakiwa kwenye kamba ya kuanika nguo. Kabla nguo hazijakauka, mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Wapo waliocheka mpaka wakashika mbavu. Wapo walioleta wageni wao kuchungulia dirishani. Katika wote hao, hakutokea hata mmoja wa kumwambia pole.

Mwalimu alijivuta kutoka uvunguni, akajipangusa magoti.

"Kutomwona mtu si ushahidi," alisema. "Dada yangu, sikatai kwamba una huzuni. Lakini maumbile yana sheria zake. Jiwe ukilirusha juu, litashuka. Maji ukiyachemsha, yatatoa mvuke. Na mtu akifa, yanayofuata yanajulikana, mtoto wa chekechea atakusimulia. Sasa wewe unataka tuamini kwamba sheria hiyo imevunjwa, tena kwa ajili ya fundi baiskeli?"

"Mimi sijui sheria. Nimesema nilichokiona."

"Haya, lipi jepesi kuamini? Kwamba dunia imegeuka, au kwamba mshonaji mmoja amechoka macho?"

"Macho haya yanatunga uzi sindanoni bila miwani, mwalimu."

"Lisemwalo lipo!" alidakia jirani kutoka dirishani.

"Hili halipo wala haliji!" shemeji alimfokea. "Na wewe toka hapo, umekanyaga maua ya watu."

Shemeji huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Mtaani walimwita Msumari, kwa kuwa akishaingia kwenye jambo, kumng'oa ni kazi. Aibu ilikuwa imemkondesha. Kila alikopita aliulizwa ndugu yake ana nini, na ukoo wao haukuwahi kutoa kioja.

"Shemeji, nisikilize," alisema, safari hii kwa upole. "Nje kuna gari la wodi ya wagonjwa wa akili. Nimeliita mimi, sikufichi. Toka hapo barazani, waambie majirani kwamba ulikosea. Neno moja tu. Dereva nitamrudisha mwenyewe, na kesho utaendelea na nguo zako za watu."

"Tulimzika wote, shemeji. Jeneza ulilibeba wewe."

"Nililibeba, nani amekataa? Kuzika ni kuzika. Tunazungumzia haya ya baadaye."

"Na haya ya baadaye ndiyo niliyoyasema."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Ndiyo maana mimi bado natembea."

Jirani alicheka huko nje, akasikika akimsimulia mwingine aliyekuwa nyuma yake.

Mshonaji alikitazama kitanda. Upande wa ukutani, mto ulikuwa bado unanuka grisi ya minyororo ya baiskeli, harufu aliyoipigia kelele miaka yote ya ndoa na ambayo sasa hakutaka hata foronya ifuliwe. Mumewe alikuwa na kawaida ya kuimba asubuhi akijifunga viatu, sauti haifuati wimbo, na akiambiwa anyamaze anaongeza. Neno moja tu. Gari lingeondoka, nyuso zingetoka dirishani, na wateja wangerudi na vitambaa vyao.

Lakini neno hilo, akilisema, lingemsingizia marehemu.

"Mume wangu hakuwa mtu wa kunichezea," alisema. "Sikukosea."

Msumari alishusha pumzi, akatoka kwenda kumwita dereva.

Mwalimu alijipapasa nyuma, akakutana na mpasuko, akaupa ukuta mgongo haraka.

"Vua nikushonee," mshonaji alimwambia. "Harakisha, kabla hawajanichukua."

"Hapana, dada. Asante. Usijisumbue."

"Utapitaje barabarani hivyo, mwalimu mzima?"

Mwalimu akachukua shuka, akaenda kuvulia nyuma ya pazia. Mshonaji alikaa kwenye cherehani na kuanza kushona. Machozi yalimdondoka juu ya kitambaa, naye akayashonea humohumo.

Mama mkwe naye alikuwepo tangu asubuhi. Alikaa kwenye kigoda pembeni, mwembamba, pindo la gauni lake lina udongo mwekundu ambao hakuna sabuni iliyowahi kuuweza. Sasa aliinuka, akamwendea mkwewe, akamwekea mkono begani. Nje mlango wa gari ulifunguliwa.

"Mwanangu," alimwambia taratibu, "yule nilimzaa mimi, na laiti ningeweza kukuamini. Lakini hebu fikiri. Mimi nilipokufa, nilirudi sufuria ikiwa bado jikoni. Baba mkwe wako amekufa mara mbili, na zote mbili amerudi analalamikia viatu. Tangu dunia iumbwe, ulishasikia wapi mtu amekufa akabaki hukohuko?"