Mshahara wa Kisheria

"Wewe Mama Divine, hayo maneno yako yatatufukuzisha kazi sisi wote," Goretti alisema, mguu wake ukiuzuia mlango wa jirani yake, Yvette.

Yvette alimsukuma, akatoka. Wote wawili walikuwa wametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakapanga vyumba vya ukuta mmoja hapa mtaa wa Ruti, wakiosha masufuria katika hoteli ya Rwakabuba mjini Mbarara. Alfajiri mpaka usiku, elfu arobaini kwa mwezi na sahani ya chakula cha mchana bure. Goretti aliita hiyo bahati. Yvette aliita wizi, na hakuna mpangaji pale uani ambaye hakuwa amelisikia neno hilo hadi masikio yakamchoka.

"Redio ilisema," Yvette alimjibu. "Inchi hii iko na sheria. Patroni hana ruhusa ya kulipa chini ya kile serikali ilipanga. Hata kama uko mukimbizi."

"Sheria ni ya wenyewe."

"Basi baki na uoga wako. Utakuja kunishukuru."

Kabla hajapata boda, mtaa mzima ulishajua anakokwenda.

Aliingia hotelini amefura, akatangaza mbele ya wateja kwamba anataka mshahara wa kisheria, la sivyo atashtaki. Alitarajia matusi. Rwakabuba alifuta mikono tu, akaita boda, akalipa nauli yake na ya Yvette: waende kwa afisa wa kazi sasa hivi. Upole huo ulimchoma Yvette kuliko tusi. Njia nzima alijiambia, huyu mzee amekwisha kuhonga.

Lakini afisa hakuwa mtu wa bahasha. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema dada huyu ana haki, kiwango kipo, na kila mwajiri anabanwa nacho. Yvette, machozi ya hasira yakimlenga, akamtaka akisome kwa sauti, huyu mnyonyaji asikie kwa masikio yake.

Afisa akasoma, macho yakiwa mezani. Kiwango kilipangwa mwaka 1984, na kwa karibu miaka thelathini hakuna aliyekigusa: shilingi elfu sita kwa mwezi.

Walirudi pamoja. Mlangoni mwa hoteli Rwakabuba alisogeza pazia, akamwonyesha kiti cha wateja.

"Kuanzia leo tunafuata sheria yako. Ingia ule, dada. Sahani ni elfu tatu."