Kutu Chini ya Chupa

Chupa za maji ya kisima changu, yaliyotiwa matone ya limau, zilishinda juani kutwa nzima. Kulipokucha, kutu nyekundu ya chuma kilichomo majini ilikuwa imetuama chini.

“Baba, haya yameharibika,” mkwe wangu akasema. “Niyamwage?”

“Thubutu. Jua na limau vimeifanya kutu ishike sumu. Usiitikise.”

Kisima nilikichimba kwa mikono yangu. Arseniki, sumu iliyomo majini mwake, ikamwotesha mke wangu mabaka viganjani. Yeye ndiye aliyemimina maji ya juu, taratibu, kwenye kichupa cha kipimo. Karatasi ya kupimia sumu kifunikoni ikigeuka njano, sumu bado imo, na kisima nakifukia.

Tukaikodolea macho. Nyeupe pe.

Mke wangu akaninyooshea kikombe. “Miaka minne umeninywesha sumu, mzee,” akasema huku akicheka. “Leo nipe maji.”