Seti Moja ya Misimu Yote

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Breki mwenyewe hakatai. Tatizo ni kwamba mpaka saa nane mchana alijiona mjanja kuliko mji mzima.

Breki ni jina la utani. Alipewa na madereva wenzake, kwa sababu alijua kila kitu kwenye gari isipokuwa hizo.

Asubuhi hiyo aliingia duka la matairi akihema. Hospitali ilikuwa inatafuta gari la kukodi pamoja na dereva wake, la kupeleka damu kwenye zahanati za mlimani: mbio, mvua inyeshe isinyeshe. Karani alikuwa ameshaliandika jina lake. Lilibaki sharti moja: saa nane kamili afike na matairi mapya ya misimu yote, yanayostahimili mwendo. Yake yalikuwa na upara kuliko mjomba wake. Na alikuwa na miezi minne bila kazi. Mkewe hakuuliza tena "vipi leo?" Aliangalia tu vumbi la viatu mlangoni, akapata jibu.

Dukani zilibaki seti mbili za saizi yake. Ya kwanza ndiyo yenyewe: mifereji mirefu ya kutoa maji, mpira unaong'ang'ania lami. Ya pili ilipendeza macho, ina maandishi meupe ubavuni, lakini ilikuwa ya kiangazi. Kwenye maji inateleza kama sabuni ya kipande.

Juu ya ile ya kwanza kulikuwa na mkono wa mtu.

Mwenye mkono alikuwa mama wa makamo, gari lake liko juu ya jeki pale nje. "Haya yanafaa kwenye mvua?" alikuwa anamuuliza muuzaji.

"Ndiyo yenyewe, mama."

Breki akaona riziki yake inaondoka na mama wa watu. Akakohoa.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuingilia yasiyonihusu, lakini roho inanisuta. Hayo uliyoshika yalitaka kuniua."

Mama akaondoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto. "Yalitaka kukuua?"

"Mwaka jana. Kona ya kwanza ya mlimani, manyunyu tu, wala si mvua. Nageuza usukani kushoto, gari linasema hapana, leo tunakwenda kulia. Nikasimama katikati ya shamba la watu, mahindi mpaka puani. Hadi leo nikisikia radi nashika mlango."

Muuzaji akafungua mdomo kusema neno. Akakumbuka jinsi ile seti ya kiangazi ilivyokaa rafuni miaka mitatu bila hata kuulizwa hali. Akaufunga.

"Sasa nichukue yapi, mwanangu? Mimi huo mlima naupanda kila wiki."

"Yale pale. Yale hata wakimwaga mafuta barabarani, yatasimama na kusubiri taa."

Mama akacheka. "Una maneno wewe!" Kisha akamshika bega. "Siku hizi watu hawaambiani ukweli. Mtu anakuona unaelekea shimoni, anakuaga safari njema."

"Ni malezi tu, mama."

Akambebea hata matairi yenyewe hadi kwenye gari, moja baada ya jingine, kwa moyo mkunjufu wa mtu anayesindikiza mgeni ambaye hataki arudi tena. Mama alipofungiwa yake na kuondoka, Breki akajichukulia yake, yakafungwa, akampigia mkewe simu. "Leo usiangalie viatu," alimwambia. "Niangalie usoni."

Saa nane kasoro dakika tano alikuwa kwenye uwanja wa hospitali, anafuta matairi kwa kitambaa. Mbingu ilikuwa imeanza kununa.

"Subiri hapo," karani akamwambia. "Msimamizi wa damu anatoka sasa hivi. Neno la mwisho ni lake."

Aliyetoka alikuwa yule mama.

Alilizunguka gari taratibu, akainama, akapitisha kidole kwenye mifereji ya tairi la mbele.

"Ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Na haya ni yale."

Breki alikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Alikuwa bado anachagua wa kuanza nao.

"Nimeelewa, mwanangu," mama akasema kwa upole. "Dukani yalibaki mazuri seti moja. Ukaniachia mimi, ukajifungia haya ya hatari ili tu usikose kazi. Hata ndugu wa tumbo moja asingenifanyia hivyo. Karani, mpe kazi. Mtu wa namna hii ndiye ninayemtafuta."

Pumzi zikamrudia Breki. Nusura ampigie mkewe papo hapo.

"Ila damu ya wagonjwa siwezi kuiweka juu ya matairi haya." Mama akamtupia funguo. "Safari zote utaendesha gari langu. Tunaanza sasa hivi, zahanati ya juu kabisa inatusubiri."

Tone la kwanza likapiga kioo, la pili, kisha yakaacha kuhesabika. Breki akainua macho kuutazama mlima. Haukuwepo, wingu lilikuwa limeumeza wote.

"Mama, twende na langu tu," akasema. "Haya matairi hayana neno. Haki ya Mungu, hayana neno."

Mama alikuwa ameshaingia upande wa abiria, anafunga mkanda.

"Mwaka jana yalitaka kukuua," akasema. "Leo yameshakusamehe?"